Mashimo ya Hezekiah

Dereva wa watu ambaye hajawahi kutamani gari lisilo lake, huyo si dereva. Ni mtu aliyeshikishwa usukani tu. Hezekiah Wesonga alikuwa dereva hasa. Miaka kumi na tisa alikuwa akiendesha gari la nyumba ya Mama Kamla kule Spring Valley, na katika miaka miwili ya mwisho alilala na kuamka na gari lingine kichwani: refu, pana, lenye magurudumu manene na vyuma vya kukinga pua, gari la kuingia mtoni na kutokea ng'ambo bila kuomba ruhusa ya mtu. Liwe na rangi ya vumbi, alisema. Hakuna aliyekuwa amemwuliza habari ya rangi.

Gari alilokuwa nalo lilikuwa saluni ya rangi ya fedha, gari fupi la mjini, lililonunuliwa na marehemu Mzee Kantilal, mume wa Mama Kamla, enzi zile duka lao la vitambaa pale Biashara Street lilipokuwa likijaa wateja mpaka mlangoni. Lilikuwa gari zuri, na Hezekiah hakuwahi kulisengenya mbele ya watu. Ila lilikuwa chini. Kila tuta lililikwaruza tumbo, na kila lilipokwaruzwa Hezekiah aliuma meno. Kule hekaluni alikosali Mama Kamla, madereva walipokuwa wakisubiri mabosi wao, Mwangangi aliyeendesha gari la daktari alikuwa akiinama, anachungulia uvunguni, halafu anauliza, "Mzee Wesonga, leo umekuja na gari ama na sinia?"

Tamaa hiyo haikuanza jana. Akiwa kijana huko Webuye, aliwahi kupata kibarua cha kuosha magari ya wapima ardhi waliopiga kambi karibu na kwao. Miezi mitatu aliyasugua yale magari marefu, akatoa matope ya vijiji ambavyo hakuwahi kufika, akafuta vumbi vitini. Kuketi nyuma ya usukani hakuruhusiwa. Siku walipoondoka alisimama kando ya njia na ndoo yake mpaka vumbi likatulia. Anayesema mambo kama hayo huisha yenyewe mtu akikua, anasema uongo.

Viraj, mtoto wa pekee wa Mama Kamla, alikuwa na ugonjwa huohuo. Yeye alikuwa mtu wa kompyuta, kazi yake akiifanyia nyumbani chumba cha juu, na mchana akichoka alishuka mpaka kwenye gereji na simu mkononi kumwonyesha Hezekiah video za magari yanayopanda mawe. Walisimama bega kwa bega, bosi na dereva, midomo wazi.

"Cheki hiyo, Hezekiah. Imeinua mguu kabisa."

"Na haijazima, bosi. Haijazima!"

Tatizo lilikuwa Mama. Gari lilikuwa la Kantilal, na cha Kantilal hakiuzwi. Viraj alibembeleza, akachora, akaleta hesabu, akanuna siku mbili mtu mzima mwenye ndevu, na mama yake akamwambia ale chakula kabla hakijapoa. Hapo ndipo Hezekiah alipoanza na mashimo.

Kila Alhamisi saa nne asubuhi alimpeleka Mama Kamla mjini. Duka lilikuwa limekodishwa kwa Shiraz, kijana mwenye adabu ambaye bado alimwekea Mama kiti chake pale mlangoni, na Mama alikwenda kuketi, kunywa chai, kushika vitambaa kwa vidole na kulalamika kwamba siku hizi havina uzito. Njiani, kwenye kona ya wauza maua, palikuwa na shimo. Lilizibwa mara nyingi na kila mara lilirudi na nguvu mpya. Miaka kumi na saba Hezekiah alikuwa akilipita kwa kushoto, kwa ulaini, Mama hajui hata kama lipo. Sasa akaanza kuliingia.

Hakuliingia kwa fujo. Aliliingia kwa adabu, gurudumu moja la nyuma, kiasi cha gari kushtuka na Mama kuweka mkono kiunoni.

"Pole, Mama," alisema akimwangalia kwenye kioo. "Gari iko chini sana."

Mama aliendelea kutazama dirishani. Wiki iliyofuata, tena. Pole, Mama, gari iko chini sana. Akaongeza shimo la pili karibu na kituo cha mafuta, na tuta moja ambalo angeweza kulipanda polepole lakini hakulipanda polepole. Usimwone mtu mbaya. Hezekiah alikuwa mshirika wa kanisa la Friends, mwimba besi, baba wa watoto wanne, mtu asiyechukua hata ndizi ya mtu bila kuomba. Lakini tamaa ya gari ilikuwa imemshika kooni. Jumapili aliomba msamaha wa dhambi zake kwa jumla, bila kutaja shimo hata moja kwa jina.

Ikawa hivyo miaka miwili. Halafu mchana mmoja, Mama Kamla akiwa mezani anakunja kitambaa chake cha kufutia mikono, alisema bila kumwangalia mtu, "Viraj, nunua hiyo gari yako."

Viraj alimkumbatia mpaka miwani yake ikaanguka. Hezekiah, aliyekuwa amesimama mlangoni na mfuko wa mboga, aliweka mfuko chini, akaenda nyuma ya nyumba, akapiga hatua tatu za densi ambazo hakuna aliyeziona isipokuwa Selpher.

Selpher Awuor ndiye aliyekuwa mpishi wa nyumba, na ndiye aliyekuwa na mambo ya roboti. Mwaka uliotangulia Viraj alikuwa amenunua kile kidude cha mviringo cha kufagia sakafu. Selpher alikitazama siku mbili, kisha akakipa jina la Lenox, kwa sababu alikuwa na shemeji wa jina hilo aliyewahi kuja kwake kwa wiki moja akakaa miezi minane.

"Angalia vile anatembea," aliwaambia watu wote waliopita jikoni. "Anazungukazunguka nyumba, akifika kwa kona anasimama anafikiria, akipata waya anaimeza, halafu anarudi kwa stima kulala. Na bado unasikia, 'kazi imekamilika.' Lenox mtupu."

Basi nyumba nzima ikawa inacheka habari za roboti. Viraj alisema ataleta ya kupika chapati. Selpher akasema ailete, na awe tayari kuipeleka hospitali siku itakayoshika sufuria ya moto. Aarti, mke wa Viraj, aliuliza kama kuna ya kumjibu mama mkwe kwa simu. Hata Mama Kamla alicheka siku Lenox alipomeza ncha ya sari yake na kuanza kulia kwa Kiingereza.

Gari jipya lilipofika, Viraj alilizunguka na kijitabu mkononi, anawasomea watu kama mhubiri. Rangi ilikuwa ya vumbi. Hezekiah alitaka kuligusa akaona haya, akaishia kufuta kioo kisichokuwa na doa.

"Hii nayo ni roboti yenyewe," Viraj alisema. "Inakaa kwa laini yake. Inaona watu, inapiga breki yenyewe. Ukifika mahali pa kupaki, inajipaki. Hezekiah, wewe kazi yako itakuwa kupiga makofi."

Watu wakacheka, Hezekiah naye akacheka. Aarti hakucheka sana. Alikuwa mwanamke mpole, na aliposema neno lake alilisema kwa upole wote aliokuwa nao, na hapo ndipo palipouma.

"Lakini kweli, Hezekiah, hata wewe upumzike sasa. Umetufanyia kazi miaka mingi. Viraj yuko tu hapa nyumbani, na hii gari ni rahisi, anaweza kumpeleka Mama mwenyewe. Tutaongea vizuri mwisho wa mwezi."

"Asante, Madam," alisema Hezekiah. Hakujua anashukuru nini.

Alikwenda jikoni, akaketi kwenye kigoda cha Selpher, kile kifupi cha mbao anachopandia kufikia kabati la juu. Akamweleza yote, pamoja na habari ya mashimo, kwa sababu siri ikishakuwa nzito mtu huimwagia yeyote aliye karibu. Selpher alimsikiliza, mwiko mkononi. Halafu alianza kucheka, akacheka mpaka akashika meza.

"Baba Nasimiyu! Miaka miwili unapigisha mama wa watu mashimo, ukitafutia gari ya kukufuta kazi!"

"Usicheke, dada."

"Sicheki. Nacheka kidogo tu." Alipangusa macho kwa aproni. Alipomtazama vizuri, kicheko kikamwishia. "Umemwambia mama watoto?"

"Bado."

Hakuwa amemwambia kwa sababu hakujua aanze na lipi. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Nasimiyu, kitinda mimba wake, alikuwa bado na mwaka na nusu kwenye chuo cha uuguzi. Hilo lilikuwa kubwa. Lakini lililomtoa jasho zaidi, na hili hakumwambia hata Selpher, lilikuwa dogo: Alhamisi saa nne atakuwa wapi? Mwili wake ulikuwa umezoea kuwa pale mlangoni saa nne, funguo mkononi, akisikia viatu vya Mama vikija kwenye korido. Aliogopa. Aliogopa kweli, na alijionea aibu, kwa kuwa shimo hili alilichimba mwenyewe.

Jumapili hiyo alimwomba Viraj kile kitabu kinene cha gari. Viraj akampa bila kuuliza. Hezekiah aliketi kwenye kibaraza cha nyumba yake ndogo Woodley tangu walipotoka kanisani mpaka chakula kilipoiva, akakisoma, na Jumatatu akakisoma tena wakati wa chai. Alisoma habari za maji, za gia, za kamera, za yale macho ya gari yaliyofichwa nyuma ya nembo ya mbele. Mke wake alimwuliza kama anajiandaa kwa mtihani. Akasema hapana, anasoma tu.

Mama Kamla hakutaka gari liguse barabara kabla ya kuombewa. Lilikuja juu ya lori na likakaa chini ya turubai wiki nzima, Viraj akilizunguka kama paka na samaki. Pandit, kuhani wa hekalu lao, alitazama kitabu chake akatoa saa: Alhamisi, kati ya saa tano na dakika kumi na saa tano u nusu. Kabla ya hapo au baada ya hapo, hapana. Hezekiah akatumwa nazi moja na ndimu nne. Alizinunua Dagoretti Corner kwa Milcah, akazigeuzageuza mpaka akapata nne za ukubwa mmoja.

"Unapikia samaki?" Milcah alimwuliza.

"Ni za gari."

"Gari yenu inakula ndimu?"

"Inakanyaga. Moja kila gurudumu. Ndiyo baraka yao."

Milcah alifikiri. "Si mbaya," alisema. "Yetu ya kanisa walinyunyizia maji na bado ikaibwa vioo."

Alhamisi ikafika. Wote walisimama mbele ya gereji, Lenox peke yake ndiye aliyebaki ndani akipigana na zulia. Mama Kamla alikuwa amevaa sari ya kijani na kushika sinia ya shaba yenye taa ndogo inayowaka. Alichora alama nyekundu ya baraka kwenye boneti, akafunga uzi mwekundu usukanini, akalivisha gari taji nene la maua ya manjano, kutoka taa ya kushoto mpaka ya kulia. Hezekiah alilala chini kwa suruali yake ya Alhamisi, akaweka ndimu moja mbele ya kila gurudumu. Nazi ikapigwa sakafuni, ikapasuka mara moja, ishara nzuri. Ikawa saa tano na dakika kumi na tano. Viraj akapanda, akapiga gari moto, na Mama akasogea kando na sinia yake.

Gari lilisogea kiasi cha unene wa kidole, likapiga breki lenyewe, likaanza kulia.

Viraj alijaribu tena. Likashtuka, likasimama, likalia kwa sauti kubwa zaidi. Kwenye skrini ikatokea picha ya mtu mwekundu amesimama mbele ya gari, na mbele ya gari hapakuwa na mtu.

"Inaona nani?" Aarti aliuliza.

"Labda ni Kantilal," Selpher alisema kwa sauti ya chini, na Hezekiah akamkanyaga mguu.

Saa tano na dakika ishirini. Viraj alibonyeza hapa, akabonyeza pale, mashavu yakaiva. Kwa kubonyeza kwake vipangusio vikawaka, maji yakaruka kwenye kioo, na rangi nyekundu ya baraka ikaanza kuteremka kwenye boneti kwa michirizi. Mama Kamla alisema maneno ya Kigujarati ambayo Hezekiah, baada ya miaka kumi na tisa, aliyaelewa vizuri lakini hatuyaandiki hapa.

Hezekiah alijua. Alijua tangu gari lilipolia mara ya kwanza. Yale maua yalikuwa yananing'inia mbele ya jicho la gari, yakicheza na upepo, na gari lilidhani ni mtu. Kitabuni ilikuwa sura ya tano. Alisimama na mikono nyuma, na hapa ni lazima tuseme ukweli wote: alikaa kimya kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Aliwaza, likikataa, likirudishwa, ile saluni ya fedha bado iko pale pembeni. Kimya tu. Hakuna atakayejua.

Kisha alimwangalia Mama. Alikuwa ameinua mkono kukinga ule mwali wa taa usizimike.

"Bosi," alisema akisogea dirishani, "ni maua yamefunika jicho lake. Kuna kitufe chini ya usukani, mkono wa kulia, kimechorwa gari dogo. Kishikilie mpaka taa ya manjano iwake. Halafu itaenda."

"Wapi?"

"Chini. Hapana, hicho ni cha boneti."

Boneti ikafunguka kwa mlio. Saa tano na dakika ishirini na nne.

"Si tutoe tu hayo maua?" Aarti alisema.

"Maua haitoki mpaka ndimu imekanyagwa," alisema Mama Kamla. "Viraj, shuka. Saa inaenda. Hezekiah, ingia."

Hezekiah alifunga boneti, akapanda. Hivyo ndivyo alivyoketi kwa mara ya kwanza nyuma ya usukani wa gari alilolitamani tangu akiwa na ndoo mkononi, bila kupata nafasi ya kufurahi, jasho likimtoka. Akashikilia kitufe. Taa ya manjano ikawaka. Aliomba sala yake fupi ya kikwao, akaachia breki, na gari likasonga polepole, zito, tulivu, likazikanyaga ndimu zote nne. Alizisikia chini yake, pwa, pwa, halafu mbili za nyuma. Harufu ikapanda mpaka ndani. Watu wakapiga makofi. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na sita.

Akazima, akajiandaa kushuka amrudishie Viraj funguo. Alijua ameitwa kwa sababu ya saa tu.

"Kaa hapo," Mama alisema. "Gari ikiombewa lazima iende safari. Leo ni Alhamisi."

Ndipo balaa la pili likatokea. Mama Kamla alifungua mlango wa nyuma, akainua mguu, mguu ukafika nusu, akaushusha. Akajaribu na ule mwingine. Watu wote walitazama ule mlango, wakatazama magoti ya mwanamke wa miaka sabini na sita. Wanaume wawili miaka miwili walikuwa wamepima urefu wa gari hilo, kina cha maji linachovuka, pembe ya mlima linaoupanda. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepima atakayepanda.

"Mama, nikubebe?" Viraj aliuliza.

"Mimi si gunia."

Hezekiah alishuka, akakimbia jikoni, akarudi na kigoda cha Selpher. Akakipangusa kwa leso yake, akakiweka chini, akakijaribu kwa mguu kama kimetulia. Alitoa mkono wake wa kushoto, si kwa kumshika Mama bali kumwachia aushike yeye, kama alivyozoea. Mama akakanyaga kigoda, akaingia.

"Na mimi nikitaka kabati ya juu?" Selpher aliuliza.

"Tuma Lenox," alisema Mama Kamla, na mlango ukafungwa.

Waliteremka kuelekea mjini. Taji la maua lilikuwa limehamishiwa juu ya boneti, uzi mwekundu ulicheza usukanini, na gari lilipita matuta kana kwamba yamechorwa tu kwa chaki. Lilikuwa zuri kuliko alivyowahi kufikiria, na hilo ndilo lililomchoma. Alitazama saa, alitazama kioo, alihesabu wiki zilizobaki mpaka mwisho wa mwezi. Tatu.

"Hezekiah," Mama alisema walipokaribia kona ya wauza maua.

"Ndiyo, Mama."

"Shimo yako iko mbele."

"Shimo yangu, Mama?"

"Miaka kumi na saba ulikuwa unapita kushoto. Halafu miaka mbili unaingia ndani kila Alhamisi. Mimi nimezeeka magoti. Sijazeeka macho."

Hakukuwa na mahali pa kujificha ndani ya gari lile kubwa. Hezekiah alipunguza mwendo mpaka dereva wa gari la nyuma yao akapiga honi.

"Nisamehe, Mama. Nilitaka gari," alisema. "Nilitaka sana hii gari. Ilikuwa makosa, na nilijua ni makosa, na nikaendelea."

"Najua ulitaka. Viraj alitaka. Hata Kantilal alitaka hivi hivi, mimi nikamkataza, nikasema sisi ni watu wa duka, hatuwindi simba. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Mwaka moja nikangoja. Halafu nikaona, huyu hasemi, na kiuno ni yangu. Afadhali ninunue."

Hezekiah alitaka kucheka na kulia, na hakufanya lolote kati ya hayo.

"Unakumbuka siku ya Kariokor?" Mama aliuliza.

Alikumbuka. Angesahau vipi? Ilikuwa miaka minne iliyopita, siku ya pili baada ya maiti ya Mzee Kantilal kuchomwa kule, kama ilivyo desturi yao. Mama alitoka kule na chungu cha majivu kimefungwa kitambaa cheupe, akamkataza Viraj asikibebe, akakipakata mwenyewe kiti cha nyuma. Ile saluni ya chini, barabara ya Ngara imejaa, mvua imetoka kunyesha na mashimo yote yamejaa maji, huyaoni. Hezekiah aliyakumbuka moja moja kichwani. Aliendesha mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, akatukanwa na kila aliyempita, na kutoka Kariokor mpaka Spring Valley hakugusa hata moja. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Na hakuna aliyewahi kulitaja tangu siku ile.

"Nilikuwa naogopa atamwagika," Mama Kamla alisema. "Kitambaa kilikuwa kimefungwa vibaya, nilifunga mimi. Nilimshika hivi, na mikono yote inatetemeka. Hakumwagika hata kidogo."

Barabara ilikuwa imeanza kumwia Hezekiah ukungu. Akapepesa macho.

"Jana Viraj ananiambia, Mama, hii gari inajua kila shimo. Inajua kila kitu. Nikamwambia ni sawa, ni gari nzuri. Lakini haijui mimi nimebeba nini."

Walikuwa wamefika kwenye kona. Muuza maua mmoja aliliona taji kwenye boneti, akainua mkono kusalimu. Hezekiah alishika usukani kupita kushoto, kama zamani.

"Hapana," alisema Mama. "Pita katikati. Nimelipa pesa mingi."

Akalipita katikati. Gari likashuka, likapanda, kama mtu aliyevuta pumzi. Mama Kamla aliweka mkono kiunoni kwa mazoea, akasubiri, kisha akauondoa.

"Si mbaya," alisema.

Pale Biashara Street, Shiraz alikuwa tayari ametoa kiti mlangoni. Hezekiah alishuka, akaweka kigoda, akatoa mkono. Mama aliushika, akakanyaga, akafika chini, akanyoosha sari yake.

"Alhamisi ijayo saa nne," alisema. "Na Alhamisi ingine. Aarti nitaongea na yeye mimi. Na nunulia Selpher kigoda ingine, hii haitoki kwa gari."

"Sawa, Mama," alisema Hezekiah, kisha akasema tena.

Alirudi ndani kulisogeza gari. Skrini ikamwuliza kama angependa lijipaki lenyewe. Alitazama ule uwazi mwembamba kati ya pikipiki na mkokoteni wa mahindi, akafuta macho kwa ile leso ya kigoda, akabonyeza hapana.